Kombani, Njia Panda ya Vina: Ubeti wa Mauti Upimwe kwa Nini?

Siku hizi msiba ukitokea, taarifa ya mazishi haiji peke yake. Nyuma yake hufuata utungo mfupi juu ya mauti. Hupita kwenye simu, husomwa jamaa wakikaa matanga, na mwingine hutumwa redioni au kwenye ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo. Wala haupiti hivi hivi. Kuna atakayeuhesabu kwa vidole aseme mshororo wa tatu umepungua mizani, basi hili si shairi. Kuna atakayemjibu kwamba kifo chenyewe hakijui kijana wala mzee, iweje maneno yake yafungwe kwa hesabu? Ustadhi wa madrasa ana jibu lake, mwalimu wa sekondari ana lake, na kijana anayejiandaa kwa mtihani hubaki katikati, hajui ashike lipi.

Suala hili lipo Pwani nzima, lakini Kombani ni pahali pazuri pa kulitazamia. Kombani ni njia panda. Barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapita hapo, na hapo ndipo gari la Kwale na Kinango linapoiacha barabara hiyo na kushika njia ya milima ya Shimba. Upande wa bahari kuna Waa, Tiwi na Diani, kwenye madrasa, maulidi na misikiti ya kale kama ule wa Kongo. Upande wa bara, Kinango na kuendelea, kuna nyimbo za kilio ambazo hazikungoja mtu azihesabie silabi. Mapokeo mawili ya kumlilia maiti yanakutana kwenye kituo kimoja cha matatu.

Ubeti wenyewe

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ili pasiwe na jina la malenga yeyote la kututisha wala la kutupendeza:

Gari lapita Kombani, halingoji wa safari,
Abiria wa jioni, hamjui wa fajiri,
Viti vyote ni vya deni, hakuna kilicho huri,
Jina lako likitajwa, utashuka, si hiari.

Kwa istilahi za darasani hii ni tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8. Jumla ni 16 kwa mshororo. Vina vya ukwapi ni -ni katika mishororo mitatu ya kwanza, kisha vinaachwa kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, kwa -jwa. Vina vya utao ni -ri tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ndiyo sura ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliifanya iwe chombo cha kusemea kila jambo, kuanzia vita hadi mapenzi, na ndiyo sura ambayo watu wengi wa Pwani huifikiria likitajwa neno shairi.

Hesabu yenyewe ina mitego. Katika "hamjui", herufi m inasimama peke yake na kuhesabiwa mizani kamili: ha-m-ju-i, nne. Katika "Kombani", m hiyo hiyo imeungana na b na haihesabiwi: Ko-mba-ni, tatu. Mtoto anayehesabu herufi badala ya kusikiliza mapigo atakosea moja kati ya hizo mbili. Maneno yaliyotoka Kiarabu yana mtego wake. "Dunia" likitamkwa polepole lina silabi tatu, likitamkwa haraka kama wanavyolitamka wazee wengi linakaribia mbili, na mshairi mwerevu hulitumia kwa namna inayomfaa. Kwa hiyo hata wanaoamini mizani kwa dhati hawahesabu sawa, na ugomvi mwingi juu ya mshororo "uliozidi" ni ugomvi wa matamshi.

Mkanganyiko umetoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mtihani. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, 102/3, ni ya fasihi na ina alama 80, na ushairi una alama zake 20. Mtahiniwa huulizwa aeleze umbo la shairi, ataje bahari, yaani aina yake, aonyeshe uhuru wa mshairi, aandike ubeti kwa lugha ya nathari. Maswali haya si mabaya. Ila swali la umbo ndilo linalosahihishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mizani ama zimetimia ama hazikutimia. Linalosahihishika kwa urahisi ndilo linalofunzwa sana, na kinachofunzwa sana mwisho huonekana ndicho ushairi wenyewe.

Matokeo yake ni majina bila masikio. Mwanafunzi akiona "lapita" huandika haraka kwamba ni inkisari ya "linapita", neno limefupishwa kutosheleza mizani. Si kweli. "Lapita" ni njeo kamili ya Kiswahili yenye kiambishi -a-, na watu wa Pwani huisema kila siku bila kumtungia mtu shairi. Akiona "fajiri" ataandika kwamba ni "alfajiri" iliyokatwa, na hali sala ya fajiri ndilo jina lake misikitini kote kuanzia Waa hadi Vanga. Lugha hai ya watu imegeuzwa kuwa kasoro iliyosamehewa kwa jina la uhuru wa mshairi. Hilo linaniuma kuliko mizani kumi zilizopotea.

Chanzo cha pili ni lugha jirani darasani. Kijana yule yule husoma ushairi wa Kiingereza saa nne na wa Kiswahili saa sita. Kiingereza hupima mapigo ya mkazo: silabi dhaifu hufuatwa na nzito, na hizo hupangwa kwa hatua. Kiswahili hakipimi hivyo. Mkazo wetu haubadili mahali ovyo, unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, kwa hiyo haumpi mshairi nafasi kubwa ya kuchezea. Kinachohesabiwa ni idadi ya silabi basi. Mwanafunzi anayetafuta hatua za Kiingereza ndani ya tarbia hazipati, na asipozipata husema mashairi ya Kiswahili hayana mdundo.

Chanzo cha tatu ni jina lenyewe la kanuni hizi za vina na mizani, arudhi. Limetoka kwa Waarabu, ambao elimu yao ya mizani iliwekwa na Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8. Yeye alipima urefu wa silabi, fupi na ndefu, na akazipanga katika bahari. Tumelichukua jina, tumelichukua na neno bahari, lakini kipimo hatukukichukua kwa sababu Kiswahili hakitofautishi maana kwa urefu wa irabu kama Kiarabu. Anayesema arudhi ya Kiswahili ni ya Kiarabu tupu amekosea, na anayesema haina deni lolote kwa Kiarabu naye amekosea. Isitoshe, anayezungumza Chidigo nyumbani ana lugha ya toni, ambamo sauti hupanda na kushuka kwa kanuni zake. Msomaji wa Kombani anapoghani ubeti wa Kiswahili, mifumo hiyo yote imo kinywani mwake.

Wanaoishika arudhi

Hoja ya upande huu iliandikwa wazi na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwake shairi ni wimbo, na lisiloimbika limepoteza kazi yake. Waliomfuata, Tanzania na Kenya, wakati mwingine wameshika sheria na kusahau sababu yake. Sababu ni kuimbika.

Nguvu ya kwanza ya msimamo huu ni kumbukumbu. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na akafariki muda mfupi baadaye. Ule ni wosia wa mtu anayejua anaondoka. Aliuweka katika vipande vya mizani 8, vitatu vikifanana vina na cha nne kikibeba kina kinachorudi ubeti hadi ubeti, kwa sababu umbo hilo hushikika kichwani. Mama anayeaga hawezi kutegemea karatasi peke yake.

Nguvu ya pili ni ulinzi. Chukua kipande "halingoji wa safari". Mtu akikosea akasema "haliwangoji wasafiri", maana haijapotea, lakini mizani sasa ni 9 na sikio linashtuka. Umbo linalinda maneno yasiharibike yanapopita kinywa hadi kinywa, na utungo wa msiba hupita vinywa vingi.

Nguvu ya tatu inahusu mauti hasa. Mafunzo ya Uislamu, ambayo ndiyo dini ya Wadigo wengi, hayapendi kuomboleza kwa mayowe. Machozi yanaruhusiwa, kupiga kelele na kujichana hakuruhusiwi. Ndiyo maana tungo za mauti za upande huu wa Pwani huelekea mawaidha: humwambia aliye hai, hazimlilii aliyekufa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba yaliyobomoka ya Pate na kuusemeza moyo wake mwenyewe. Mizani iliyonyooka inafaa kazi hiyo. Inamzuia msemaji asivunjike sauti mbele ya watu.

Na asiseme mtu kwamba arudhi haiwezi kubeba uchungu wa leo. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na karibu yote imo ndani ya bahari za jadi. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi, na watu bado wanalikumbuka.

Udhaifu wake nao upo, na ni wa kweli. Vina vinaamua maneno. Tazama neno "kifo" lenyewe. Maneno ya Kiswahili yanayoishia -fo ni machache mno, kwa hiyo mshairi hawezi kuliweka mwisho wa kipande bila kukwama ubeti ule ule. "Mauti" lina -ti, ambayo ina jamaa wengi: sauti, bahati, wakati. "Ajali" lina -li, ambayo haina mwisho. Matokeo ni kwamba katika tungo za jadi kifo hujificha katikati ya kipande, na mauti na ajali ndizo zinazosimama mlangoni. Hilo si dogo, kwa sababu maneno haya hayasemi jambo moja. "Ajali" kwa asili ni muda uliokadiriwa mtu kuishi. Leo kwenye barabara ya Lunga Lunga ni gari lililopinduka. Mshairi anayelichagua kwa ajili ya kina huleta maana zote mbili, atake asitake.

Udhaifu wa pili ni kujaza. Nitaurudia nikifika kwenye mshororo wa tatu wa ubeti wetu.

Wanaoiacha

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, na mabishano yakawaka. Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha mwaka 1979 wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakatetea kwamba vina na mizani ni mtindo mmoja miongoni mwa mitindo, wala si mpaka wa ushairi. Mombasa nayo haikubaki nyuma: Alamin Mazrui, mtoto wa mji wenyewe wa Muyaka, alichapisha Chembe cha Moyo mwaka 1988. Kwa hiyo ule usemi kwamba mashairi huru ni jambo la watu wa bara wasiojua Kiswahili cha Pwani hausimami.

Ili hoja yao isibaki hewani, jambo lile lile la gari na abiria lisemwe kwa namna yao:

Gari limesimama.
Kondakta ametaja jina moja.
Kiti kilichoachwa
bado kina joto.

Hapa hakuna kina, na mishororo haifanani urefu: 7, 11, 7, 6. Hata hivyo kuna kitu ambacho ubeti wa kwanza hauna. Ubeti wa kwanza unatoa kanuni: kila mtu atashuka. Huu unaonyesha tukio: mtu mmoja ameshuka sasa hivi. Wa kwanza unasema "jina lako" na kwa hivyo hautaji mtu yeyote. Wa pili haukutaja jina, lakini unamfanya msomaji ahisi kwamba jina limetajwa. Lile joto la kiti ni la mtu aliyekuwapo dakika iliyopita. Aliyewahi kukunja shuka la mgonjwa aliyefariki usiku analijua joto hilo bila kuelezwa.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya shairi huru juu ya mauti. Linamrudisha maiti mwenyewe, mmoja, asiyefanana na wengine, ambaye mawaidha humfuta kwa kumfanya mfano.

Hasara zake? Ya kwanza, utungo huu hauitikiki. Matanga ni kikao. Mmoja anasema, wengine wanapokea. "Bado kina joto" haina mahali ambapo jamaa wataingilia. Ya pili, hauna ulinzi. Mtu akisema "kiti kingali na joto" hakuna hesabu ya kumkamata, na baada ya vinywa vitano huenda kilichobaki ni habari tu. Ya tatu ni kubwa zaidi: nafasi ya kudanganya ni pana. Ukiiandika mishororo ile kwa mkupuo mmoja itasomeka kama sentensi tatu za kawaida. Kinachoifanya iwe shairi ni pumzi inayokatika kabla ya "bado kina joto", basi. Anayejua kukata pumzi mahali pake ni mshairi. Asiyejua amekata nathari vipande, na zipo nyingi za namna hiyo zinazopita kwenye simu zikiitwa masivina, yaani mashairi yasiyo na vina.

Kina kinasikika wapi?

Pande hizo mbili zinabishana kana kwamba kina kipo kwenye karatasi, na hapo zote zinapitwa na jambo moja la lugha yenyewe.

Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kina kinaangukia silabi ya mwisho. Maana yake ni kwamba kina cha Kiswahili kimekaa kwenye silabi dhaifu. Soma kwa sauti ya mazungumzo: sa-FA-ri, fa-JI-ri, HU-ri, hi-A-ri. Sikio linanasa FA, JI, HU, A, ambazo hazifanani zote. Ile -ri inayofanana inapita chini kama nyayo za mtu aliyevua viatu. Msomaji wa kimya karibu haisikii kabisa. Anaiona kwa macho.

Sasa mpe mtu anayejua kughani. Akifika mwisho wa kipande huivuta silabi ya mwisho, huipandisha au huishusha, huiacha ielee kabla ya kuvuta pumzi. Hapo -ri inapata uzito ambao mazungumzo yaliinyima. Kina kinazaliwa sautini. Kwa hiyo Amri Abedi hakuwa anaweka masharti ya ziada aliposema shairi ni wimbo, alikuwa anataja mahali ambapo kanuni zake zinafanya kazi. Ziondoe mahali hapo, uziweke kwenye ukurasa unaosomwa kimya, nazo zinabaki hesabu tupu.

Hili linaeleza kwa nini wanausasa na wanamapokeo hawaelewani. Mmoja anasoma kwa jicho, mwingine anasikia kwa sikio, na kila mmoja anadhani mwenzake ni kiziwi. Linaeleza pia kwa nini kina chetu ni rahisi mno kupatikana na kigumu kupendezesha. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na viambishi kama -ni na -wa hujirudia kila mahali. Katika ubeti wetu, -ni ya "Kombani" na ya "jioni" ina harufu ya mahali na wakati, ambayo ni kama ya bure, wakati -ni ya "deni" imo ndani ya mzizi. Vivyo hivyo "safari" na "hiari" zinafanana kuanzia irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, -ari, lakini "fajiri" na "huri" zina -ri peke yake. Kanuni inazikubali zote sawa. Sikio halizikubali sawa.

Njia ya Kinango

Watu husahau kwamba ushairi wa Kwale hauanzi kwenye madrasa. Nyimbo za kilio, ambazo shuleni huitwa mbolezi, zipo katika jamii zote za Wamijikenda, na baadhi ya jamii hizo zina ngoma za mahanga kama kifudu. Tungo hizi zimejengwa kwa kurudia na kuitikiana. Mwimbaji anatupa mshororo, kundi linapokea, anaubadili kidogo, wanapokea tena. Vina si lazima. Mizani inafuata ngoma na miguu, na neno likizidi huimbwa haraka.

Hapa kila upande unapata pigo lake. Anayesema utungo usio na vina ni uzushi wa vyuo vikuu aende akasikilize mbolezi. Zilikuwepo kabla ya chuo kikuu chochote. Na anayeleta mbolezi kama ushahidi kwamba shairi liwe huru tu naye aangalie vizuri, kwa sababu mbolezi haziko huru. Zimefungwa na ngoma, na kiitikio, na wakati wa kuimbwa, pengine kwa ukali kuliko tarbia. Kilichokosekana ni kina. Mpangilio haukukosekana.

Kupima

Turudi kwenye ubeti wetu wa Kombani, kwa sababu nadharia yoyote ya mizani lazima ijibu kwa mshororo mmoja mmoja.

Mshororo wa tatu ndio dhaifu. "Viti vyote ni vya deni" imesema yote. "Hakuna kilicho huri" inarudia jambo lile lile kwa maneno mengine, na "huri" limeletwa na kina. Si neno ambalo abiria wa Kombani atalitamka akishuka. Hapa arudhi imelipisha. Mizani 8 zilihitaji kujazwa, zikajazwa.

Mshororo wa nne ndio wenye nguvu, na nguvu yake imetoka kwenye arudhi ile ile. Kwa mishororo mitatu sikio limezoeshwa -ni katikati. Likafika "likitajwa", nalo halipati kilichozoeleka. Kina kinaponyoka pale pale jina linapotajwa. Darasani mwanafunzi angeandika tu kwamba vina vya ukwapi vimebadilika kwenye kituo, akapata alama yake, asiulizwe vimebadilika kwa nini. Kisha utao unarudi -ri ile ile ya safari: njia inaendelea, aliyeshuka ameshuka. Shairi huru halingeweza kufanya hivyo, kwa sababu huwezi kumnyima msikilizaji kitu ambacho hukumzoesha.

Kuna na chaguo la tatu, msuko, ambapo kituo hukatwa kiwe kifupi kuliko mishororo mingine. Ubeti wetu ungeishia "Utashuka, si hiari", mizani 8 mahali pa 16. Ungepata pumzi inayokatika, jambo ambalo wanausasa wanalitafuta, bila kutoka nje ya jadi. Ungepoteza "Jina lako likitajwa", na pamoja nalo ile kazi ya -jwa. Mimi ningeuacha ulivyo, lakini anayechagua msuko ana hoja.

Kutokana na haya, kipimo kinachofaa ni ahadi. Utungo unaofungua kwa 8 na 8 umeliahidi sikio. Ukiivunja ahadi hiyo kwa kukosa uangalifu, ni guni, na jina hilo ni halali yake. Ukiivunja kwa sababu inayosikika, kama kituo cha msuko, huo ni ufundi. Utungo ambao haukuahidi mizani hauwezi kushtakiwa kwa kuzikosa. Ushtakiwe kwa ahadi yake mwenyewe, yaani picha, ukataji wa pumzi, na neno lisilo na mbadala. Kuunyima jina la shairi kwa sababu ya hesabu ni kosa. Kuusamehe ulegevu wake kwa sababu ni wa kisasa ni kosa lile lile upande wa pili.

Na kwa utungo wa mauti hasa, swali la kwanza liwe utasikiwa wapi. Ukiwa wa kusomwa kwenye matanga, khitma au arobaini, mbele ya watu waliochoka na wenye huzuni, wanaohitaji kupokea pamoja na kuondoka nao kichwani, arudhi inafanya kazi ambayo kitu kingine hakiifanyi, nami nitaichagua bila kusita. Ukiwa wa mtu mmoja kusoma peke yake usiku, akimkumbuka mmoja wake, yale maneno ya kiti chenye joto yatamfikia kabla ya mawaidha yoyote.

Ombi ni kwa walimu wa Matuga na Msambweni, na kwa yeyote anayeandaa kijana kwa karatasi ya tatu. Kabla ya kumwambia mwanafunzi ahesabu, mwambie aghani. Asimame, asome kwa sauti, avute silabi za mwisho, aone pumzi inamkatikia wapi. Ubeti ule una mizani 64, atazihesabu baadaye.